Masinia kwenye rimu za gari la umeme: funga ukingo, acha katikati

SWALI: Nina Nissan Leaf yenye betri ya uniti 24, iliyokuja ikiwa imetumika Japani. Betri imebaki vijiti 9 kati ya 12 vya afya yake. Kila Ijumaa naenda Lindi kumwona mama, Jumapili mchana narudi Mtwara, na pande zote mbili naondoka betri ikiwa imejaa. Kwenda nafika bila wasiwasi. Kurudi, hasa miezi hii ya katikati ya mwaka, nafika taa za onyo zimewaka zote na gari limeanza kunyong'onyea. Nimeona picha za magari ya umeme yenye rimu zilizofunikwa bapa. Nikitengeneza vifuniko vya alumini nitaongeza kilomita ngapi? Breki hazitaungua? Fundi mmoja wa sufuria ameniambia ninunue tu masinia manne ya alumini, na mke wangu anacheka hadi leo. (Msomaji, Shangani, Mtwara)

JIBU: Ndugu yangu, mwambie shemeji acheke kidogo tu. Kule Bonneville, Marekani, kwenye uwanda wa chumvi ambako watu hushindana kwa mwendo kasi, magari yamevalishwa visahani vya alumini kwenye rimu miaka mingi sana, na visahani hivyo hutengenezwa kwa bati linalozungushwa kwenye mashine huku likikandamizwa juu ya kalibu, ufundi uleule unaotoa masinia mengi ya dukani. Fundi wako hakukudanganya. Sinia lina mambo yake ya kurekebisha, nayo nitayafikia.

Nianze na hesabu, maana swali lako la kwanza ni la kilomita, na hapo itabidi uwe mvumilivu.

Namba ya ukinzani wa hewa ya gari lako, ile ambayo wahandisi huiandika Cd, ni 0.28 au 0.29 kutegemea toleo, na uso wake unaokata hewa una ukubwa wa kama mita za mraba 2.3. Uzito, wewe na mizigo ya mama mkiwa ndani, tuseme kilo 1,600. Ukienda 80 kwa saa siku ambayo hewa imetulia, hewa inakurudisha nyuma kwa nguvu ya kama nyutoni 180, na matairi yanadai nyingine 150 na ushee kwa kule kubonyea na kusagana na lami. Ongeza kinachopotea kwenye mota na nyaya, ongeza AC, unapata matumizi ya karibu uniti 12 kwa kilomita 100. Ukishuka hadi 60, yanakuwa kama uniti 10. Ukipanda hadi 100, yanafika 15 na nusu. Hizi ni hesabu za karatasi, na gari lako litapishana nazo kidogo, ila uwiano wake ndio huo.

Betri ya vijiti 9 inakupa kama uniti 14 na nusu za kutembelea. Mtwara hadi Lindi ni kilomita mia moja na kidogo, kwa hiyo safari ya kwenda inakula uniti 12 hadi 13, na ndiyo maana unafika salama. Sasa geuza gari. Kutoka Lindi kuja Mtwara, ukiacha kona na mizunguko ya barabara, kwa jumla unaelekea kusini mashariki. Katikati ya mwaka kusi inavuma kutoka hukohuko. Ikikupiga usoni kwa kilomita 20 kwa saa huku spidomita ikisoma 80, kwa hewa wewe ni gari linalokwenda 100. Nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo ile 180 inakuwa zaidi ya 280. Hata kama miti na vilima vinakukinga nusu ya njia, nusu iliyobaki inakuchomolea uniti 1.7 zaidi. Jumlisha na 12.8, unapata 14 na nusu, yaani betri yako yote. Gari lako halina ugonjwa, na betri haijafa ghafla Jumapili. Ni kusi.

Vifuniko vitasaidia kiasi gani hapo? Tesla Model 3 inauzwa na vifuniko vya plastiki vinavyobanduka, na vipimo vya barabarani vilivyofanywa na watu wa nje ya kiwanda vimeonyesha nafuu ya matumizi ya karibu asilimia 3 kwa mwendo wa barabara kuu. Lile ni gari lililochorwa tangu mwanzo pamoja na vifuniko vyake. Kwa kazi ya mkono kwenye Leaf, mimi huchukulia nusu yake, asilimia 1.5 ukiwa kwenye 80. Kwa betri yako hiyo ni kama kilomita 2. Kwa pesa ya LUKU, ni takribani shilingi 60 kwa kila kilomita 100. Mjini, kwenye mwendo wa 30 na 40 na matuta, weka sifuri.

Linganisha na hili: ukiwa kwenye ile nusu ya njia yenye upepo wa usoni, punguza kutoka 80 hadi 70. Utachelewa chini ya dakika 6, na utaokoa karibu uniti 0.8. Vifuniko, kwa kipande hichohicho, vitakuokolea kama uniti 0.15. Mguu wako ni kifaa bora kuliko sinia lolote. Na kabla ya mguu, pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi: Leaf inataka 36, na magari mengi ninayoyapima hapa Mtwara yanatembea na 28 au 30 kwa sababu aliyejaza alikadiria kwa jicho.

Hata hivyo nakushauri utengeneze. Kilomita 2 ni umbali halisi pale ambapo gari linakata pumzi kilomita 2 kabla ya nyumbani, na kazi yenyewe si ya gharama kubwa ikifanywa kwa akili. Isipofanywa kwa akili, kifuniko kilichochomoka kwenye 80 ni kisu cha duara kinachoelekea kwa mwenye bodaboda. Kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza uelewe tunapigana na nini. Kwenye gari la kawaida, magurudumu pamoja na nafasi zake chini ya madigadi huchangia karibu robo ya ukinzani wote wa hewa. Sababu iko kwenye mzunguko. Gari likienda 80, pale tairi linapogusa lami mwendo wake ni sifuri, na pale juu kabisa, ndani ya madigadi, mpira unakimbilia mbele kwa 160. Hewa inayonaswa kati ya hizo mbili haina utulivu. Inabanwa mbele ya tairi pale chini na kuchirizika pembeni kwa kasi. Inaingia kwenye madigadi na kutafuta pa kutokea. Halafu kuna mikono ya rimu. Rimu iliyo wazi ni pangaboi lililosimama wima: kila mkono unasukuma hewa nje, na hewa hiyo inatoka ubavuni na kuipiga ile inayopita sambamba na mlango. Ile iliyokuwa imelala vizuri kwenye ubavu wa gari inabanduka, inaanza kujiviringa, na gari linaikokota hiyo mizunguko hadi nyuma. Nguvu inayotumika kuizungusha inatoka kwenye betri yako.

Kifuniko kinafanya mambo mawili: kinaizuia mikono isipige hewa, na kinaziba mlango ambao hewa ya ndani ya madigadi ilikuwa inautumia kutokea ubavuni. Basi. Hakina uchawi zaidi ya huo, na ndiyo maana michoro ya mapezi yaliyopinda kama kimbunga unayoiona kwenye picha haikuhusu wewe. Mapezi yale yana upande wa kulia na wa kushoto, yanataka kupimwa kwenye chumba cha upepo, na yakikosewa yanarudi kuwa feni. Bapa, au yenye mbinuko mdogo sana, inatosha.

Sasa ndilo jambo lenyewe ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine: si lazima ufunike rimu yote. Kasi ya mkono wa rimu inaongezeka kadiri unavyotoka katikati kwenda nje. Karibu na habu mkono unasogea polepole na hausukumi hewa ya maana. Karibu na ukingo ndiko kazi yote inafanyika. Kinachofaa kufungwa ni ile pete ya nje. Piga hesabu na rimu yako ya inchi 16. Hiyo 16 ni pale tairi linapokaa. Ukipima kwa futi kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa chuma utapata kama milimita 440. Sasa acha tundu la duara la milimita 160 katikati. Umepoteza asilimia 13 tu ya eneo la kifuniko, tena asilimia 13 ya mahali pasipo na faida kubwa.

Na tundu hilo linakulipa mara tatu. Breki zinapata pa kupumulia. Nati zote tano zinaonekana na zinafikika, kwa sababu duara lake kwenye Leaf ni milimita 114.3, zinaingia ndani ya tundu na nafasi inabaki ya kupitisha wilispana. Ukipata pancha pale Kiwalala saa moja usiku, unafungua tairi pamoja na kifuniko chake, hubandui chochote. Nimeona watu wakifunika hadi habu kwa kutaka urembo, halafu nati zinakaa miezi bila mtu kuzitazama.

Breki ndiyo hofu uliyoitaja, nayo nitaichukua kwa uzito wake. Kwa safari ya Lindi, tulia. Gari la umeme linapunguza mwendo kwa mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri. Pedi na diski zinaguswa kidogo, mara nyingi pale mwisho tu unaposimama. Breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi, za nyuma ni wasaidizi. Kwa hiyo ukitaka, nyuma unaweza kupunguza tundu hata likawa la kupitisha spana tu, na mbele ukaliacha la 160 au hata 180.

Ila kuna safari moja ambayo nisingependa uifanye bila kufikiri, nayo ni ya Newala. Mji uko juu kwenye uwanda wa Makonde, na kutoka kule kuelekea Masasi unateremka. Ukilala Newala, ukachaji usiku kucha hadi 100, ukaanza kuteremka asubuhi, betri haina mahali pa kuweka umeme unaorudi. Gari litakunyima breki ya mota, na kazi yote itahamia kwenye diski. Chukua mfano wa kushuka mita 400 na uzito wa kilo 1,600: ni zaidi ya uniti moja na nusu ya nishati. Sehemu italiwa na hewa na matairi, iliyobaki inageuka joto kwenye vipande vinne vya chuma. Rimu zikiwa wazi diski zitalalamika kidogo. Zikiwa zimefungwa kabisa, utaanza kusikia harufu ya pedi, na mguu utahisi pedali inalainika. Dawa ni rahisi: Newala chaji hadi 80 au 85, teremka, na betri ijazwe na mlima wenyewe. Hilo nakushauri hata bila vifuniko.

Kabla hujanunua bati, ulizia kwa wauza spea kitu kimoja. Toleo la chini la Leaf liliondoka kiwandani na rimu za chuma za inchi 16 zenye vifuniko vya plastiki vya kufunika uso mzima, tofauti na rimu za alumini zenye mikono ambazo nadhani ndizo ulizo nazo. Ukipata seti ya rimu hizo, ziwe za nati 5 kwa 114.3, tundu la habu milimita 66.1, na tairi la 205/55R16, umemaliza shughuli. Kifuniko cha kiwandani kina waya wa duara na meno yanayouma ukingo wa rimu ya chuma, na kimebuniwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Rimu ya chuma ni nzito kidogo, lakini kwa mtu wa safari ndefu ya mwendo mmoja uzito huo haumgusi. Usijaribu tu kukilazimisha kifuniko hicho kwenye rimu ya alumini. Kule hakuna ukingo wa kuuma, kitakaa vizuri gereji na kuondoka njiani.

Ukikosa, turudi kwa fundi sufuria.

Plastiki naitaja haraka. Ndoo, vifuniko vya matenki, mabango ya plastiki yenye mashimo ndani: vinafaa kwa kujaribia umbo kwa wiki moja, havifai kukaa. Vya kuchapishwa kwa mashine ya kompyuta (3D) hutumia nyuzi za plastiki za aina nyingi, na ile ya bei rahisi kabisa, PLA, inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Gari lililoegeshwa juani Mtwara saa nane mchana, lenye diski za moto nyuma ya kifuniko, linafika hapo bila jasho. Faibaglasi ni nzuri kama unamfahamu fundi boti mwenye mkono msafi, maana unene usiolingana utakuletea mtetemo.

Alumini ya milimita 1 ndiyo ningeichagua. Pete ya 440 yenye tundu la 160 inatoka na uzito wa kama gramu 360, si kitu. Tatizo la bati bapa jembamba ni kwamba linapiga ngoma: hewa inalivuta na kuliachia, linatetema, na siku moja linapasuka kwenye tundu la bolti. Ukitaka likakamae bila kuongeza unene, lipe mbinuko. Fundi akishakata pete, apasue mstari mmoja kutoka ukingo wa nje hadi tundu la katikati, kisha avute kingo mbili zipandane kiasi cha milimita 8 kwenye ukingo wa nje, na zipungue taratibu hadi milimita 3 hivi kwenye tundu. Pete inainuka yenyewe na kuwa pia fupi, katikati ikiwa imetokeza kama sentimita moja na nusu. Ukiigonga kwa kidole kabla ya hapo inalia bwee. Baada ya hapo inalia kavu. Kwenye kiungo aweke kipande cha bati nyuma na ribiti bapa, na upande wa pili, mkabala kabisa, aweke kipande chenye uzito uleule. Hili la mwisho mafundi wengi huliona upuuzi. Nitarudi kwalo.

Sinia je? Sinia linakupunguzia kazi ya mbinuko, kwa sababu ukuta wake wa pembeni tayari umelikakamaza. Angalia mambo matatu. Kipenyo chake, pamoja na mdomo, kisizidi ule ukingo wa rimu. Sinia la sentimita 45 linaingia juu ya mpira, na mpira unapobonyea chini utalisukuma kila mzunguko hadi lilegee. Pili, mdomo utazame ndani na kitako cha sinia kitazame nje. Ukiligeuza kama la kupakulia wali, ule ukuta unasimama kwenye hewa na faida yote imepotea. Tatu, lisitokeze nje kuliko ubavu wa tairi, vinginevyo kingo ya kwanza ya barabara utakayoisogelea italikunja. Masinia mengi ya sokoni ni membamba sana, chini ya milimita 1. Beba kalipa ya kupimia unene, au chukua la kizito kabisa alilo nalo muuzaji na ulikunje kidogo kwa mikono. Likikubali kirahisi, liache libebe wali.

Kufunga ndiko kunakoamua kama kazi ni ya fundi au ya mbabaishaji. Sheria ya kwanza haina mjadala: usiweke bati lolote kati ya nati na rimu. Nati ya tairi ina uso wa pia unaokaa ndani ya shimo lake kwenye rimu. Ukiingiza bati pale, hata la milimita 1, nati haikai, italegea, na hapo hutapoteza kifuniko, utapoteza gurudumu. Sheria ya pili, usitoboe mikono ya rimu ya alumini. Tundu dogo kwenye mkono unaobeba uzito ndipo ufa unapoanzia.

Njia ninayoiamini ni ya kubana mkono katikati ya mabati mawili. Kifuniko kinakaa mbele ya rimu. Nyuma ya kila mkono unaweka kipande cha alumini nene, milimita 3, kirefu kuliko upana wa mkono, na bolti mbili za milimita 5 zinapita kwenye nafasi wazi pande zote za mkono na kukivuta kuelekea kifuniko. Rimu ya mikono mitano, vishikizo vitano. Kati ya chuma na rimu weka ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ili pasikwaruzike na pasipige kelele. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, zisizolegea kwa mtetemo. Bolti ziwe za stenlesi na washa za mpira: hapa pwani, chuma, hata cha stenlesi, kikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini inaota unga mweupe na kuliwa kuzunguka bolti. Kichwa kipana kikae mbele, mkia wa bolti ukatwe mfupi nyuma, kwa sababu kule nyuma kuna kalipa ya breki, na kwenye rimu nyingi nafasi kati yake na mikono haizidi unene wa kidole. Ukishafunga, piga jeki, zungusha tairi kwa mkono mizunguko kadhaa ukiwa umetega sikio, kisha shusha na ufanye hivyo kwa matairi yote. Tembea kilomita 20, simama, kaza tena.

Usisahau valvu. Iko karibu na ukingo, yaani chini ya pete yako. Toboa tundu la kupitisha kichwa cha pampu, ulisuguie kingo, na kabla ya kufunga hakikisha limeangukia mahali pake, maana kuligundua hilo ukiwa kituo cha mafuta ni aibu ya bure.

Sasa ule uzito wa upande wa pili. Tairi la 205/55R16 kwenye 80 linazunguka kama mara 670 kwa dakika. Kitu kilicho sentimita 20 kutoka katikati kinavutwa nje kwa nguvu ya karibu mara 100 ya uzito wake. Gramu 10 zilizozidi upande mmoja zinavuta kama kilo nzima, mara 11 kwa kila sekunde, na usukani utakuambia. Kwa hiyo pima kifuniko chenyewe kabla ya kukifunga: kipitishie kijiti laini cha duara katikati, kiache kijizungushe, upande mzito utashuka chini, ongeza gundi na kipande cha bati upande wa juu hadi kisiwe na upande kinaoupenda. Baada ya kufunga, peleka gurudumu zima kwenye mashine ya kubalansi. Masika tope litaingia nyuma ya kifuniko na kukauka upande mmoja. Acha upenyo wa milimita 3 au 4 kuzunguka ukingo ili maji na mchanga vitupwe nje, na ukitoka barabara ya vumbi upige maji kupitia tundu la katikati. Gari likianza kutikisika ghafla baada ya mvua, usikimbilie kwa fundi beringi. Tazama tope kwanza.

Madigadi ya kufunika gurudumu la nyuma lote, kama yaliyokuwa kwenye gari la umeme la GM EV1 la mwaka 1996 lililofikia Cd ya 0.19, yaache. Yanafanya kazi kweli, lakini kwa barabara zetu utakuwa umejitengenezea chungu cha tope.

Kilichobaki ni kujua kama umepata kitu. Kuona kwa macho ni rahisi. Chukua nyuzi za sufu za urefu wa kidole, zibandike kwa utepe kwenye kona ya bampa, kwenye madigadi nyuma ya gurudumu la mbele na kwenye mlango, kisha mwenzako akufuate na gari lake pembeni kidogo huku abiria wake akirekodi kwa simu, barabara ikiwa tupu. Bila vifuniko, nyuzi za nyuma ya gurudumu zitakuwa zinajiviringa na kuelekea kila upande. Vifuniko vikifanya kazi, zitalala. Ni jaribio la bei ya kidonge cha uzi, na ndilo linaloniridhisha kuliko yote.

Kupima kwa namba ni kazi ngumu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Watu huweka gari N kwenye 90 na kuhesabu sekunde hadi lishuke 70. Kwa gari lako zitakuwa kama sekunde 26, na vifuniko vyema vitazisogeza kwa chini ya nusu sekunde. Upepo mdogo tu unaimeza tofauti hiyo, na mteremko usioonekana kwa jicho pia. Kama utajaribu, iwe alfajiri kabla kusi haijaamka, kipande kilekile, kwenda na kurudi, madirisha yamefungwa, kisha bandua vifuniko urudie, kisha virudishe urudie tena. Rahisi zaidi ni kusoma matumizi kwa programu ya LeafSpy kwenye simu, safari nyingi kwa mwendo uleule, nusu yake na vifuniko na nusu bila. Ukiona nafuu ya asilimia 1 au 2 inajirudia, iamini. Ukiona asilimia 10, kuna kingine kilichobadilika: upepo wa matairi, AC, au kusi yenyewe iligeuka siku hiyo. Pima tena.